Taji la Wawili: Angela Buxton, Althea Gibson na Milango ya Klabu

Vitabu vya kumbukumbu za tenisi hutanguliza mabingwa wa mchezo wa mmoja mmoja, yaani ule ambao mchezaji husimama peke yake upande wake wa wavu, na mabingwa wa mchezo wa wawili wawili hufuata katika kurasa za nyuma, mara nyingi bila maelezo yoyote zaidi ya majina na mwaka. Mpangilio huo umemdhulumu Angela Buxton, mchezaji wa Uingereza ambaye mwaka 1956 alitwaa ubingwa wa wanawake wawili wawili wa Ufaransa na kisha wa Wimbledon akiwa pamoja na Mmarekani Mweusi, Althea Gibson, kwa kuwa humwonesha kuwa mchezaji wa daraja la pili aliyebahatika kusimama karibu na nyota. Mhadhara huu unashikilia kinyume chake: kwamba ushirikiano huo ndio uliokuwa kiini cha maisha ya Buxton katika michezo, kwamba ulizaliwa na milango ya klabu iliyofungwa mbele ya wanawake wote wawili, na kwamba wasomaji wa Unguja, ambao viwanja vyao vya michezo vilipangwa enzi za ukoloni kwa utaratibu wa kutengana, wana sababu zao wenyewe za kuusoma kwa makini.

Ni vyema kwanza mchezo wenyewe ueleweke. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77, na upana wake kwa mchezo wa mmoja mmoja ni mita 8.23, lakini wanapocheza wanne, wawili kila upande, vipande viwili vya pembeni vyenye upana wa mita 1.37 kila kimoja huingizwa katika hesabu, na upana hufikia mita 10.97. Mshindi wa seti moja ni anayetangulia kupata gemu sita akiwa amemzidi mwenzake kwa gemu mbili, na wanawake hushindania seti mbili kati ya tatu; katika miaka ya 1950 hapakuwa na utaratibu wa kukata seti iliyokwama, hivyo seti iliweza kuendelea hadi 8–6 au 12–10. Tofauti kubwa zaidi kati ya aina hizi mbili za mchezo, hata hivyo, haimo katika vipimo. Katika mchezo wa wawili wawili mchezaji mmoja huanzisha mpira kutoka nyuma wakati mwenzake amesogea karibu na wavu, na mpira hatari kuliko yote ni ule unaopita katikati yao, kwa sababu kila mmoja anaweza kuudhani kuwa wa mwenziwe. Jozi inayoshinda ni ile ambayo watu wake wamekwisha kuelewana, bila ya kuambizana, ni nani atakayeupiga. Mchezaji hodari peke yake anaweza kuwa mshirika mbovu, na mchezaji wa wastani mwenye kusoma mchezo anaweza kumfanya mwenzake awe bora kuliko alivyo. Anayehesabu mataji ya mmoja mmoja tu hukiacha nje kipawa hiki, na ndicho alichokuwa nacho Buxton.

Tenisi ililetwa Unguja na maofisa na wafanyabiashara wa Kizungu katika miaka ile ambayo Uingereza ilikuwa ikijiimarisha visiwani, kabla na baada ya Himaya ya mwaka 1890. Klabu ya Waingereza iliyoanzishwa Shangani mwaka 1888 ilikuwa mahali pa kunywa, kusoma magazeti na kukutana watu wa aina moja, na michezo ilikuwa sehemu ya maisha hayo. Upande wa Mnazi Mmoja, kwenye ardhi iliyo kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, kulitengwa nafasi ya gofu, kriketi, tenisi na mpira wa miguu. Jamii nyingine za mjini nazo ziliunda klabu zao kwa kufuata asili au dini: Wagoa kwao, Waparsi kwao, Mabohora na Maithnaasheri kwao. Mtu wa leo anayepita Mnazi Mmoja huona uwanja mmoja mpana, ilhali wazee waliozaliwa kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliujua kuwa uwanja wenye mipaka isiyoandikwa, ambayo kila mtoto alifundishwa mapema bila ya kuhitaji kibao. Mpira wa miguu, uliokuwa ukichezwa na wanafunzi wa shule ya wamisionari ya Kiungani tangu karne ya kumi na tisa, uliweza kuvuka mipaka hiyo kwa sababu ulihitaji mpira mmoja na kipande cha ardhi tu, na Ng'ambo ikaufanya kuwa wake. Tenisi haikuvuka, kwani ilidai raketi iliyotoka ng'ambo ya bahari, mipira ya kununuliwa, uwanja uliosawazishwa na, juu ya yote, uanachama.

Wanawake wa Unguja wa kipindi hicho hawakukosa ushindani, bali ushindani wao ulikuwa na medani nyingine. Vyama vya lelemama na baadaye vyama vya wanawake vya taarab vilishindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa mpangilio wa shughuli zao, na ndani yake kulikuwa na viongozi, nidhamu, wapinzani wa miaka mingi na ushindi uliotangazwa mji mzima. Mtafiti anayetafuta historia ya wanawake na mashindano visiwani atakosea akianzia kwenye viwanja vya nyasi. Hata hivyo jambo moja linazifunga pamoja medani hizo: katika zote, swali la kwanza lilikuwa nani anaruhusiwa kuingia chamani, na swali la ustadi lilikuja baadaye.

Angela Buxton alizaliwa Liverpool tarehe 16 Agosti 1934, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na asili ya Urusi, na baba yake, Harry Buxton, alikuwa mmiliki wa majumba ya sinema kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, mama yake alimchukua yeye na kaka yake wakaenda kuishi Afrika Kusini, na huko Johannesburg, kama alivyosimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima, urafiki wake na mtoto wa Kiafrika ulizusha malalamiko ya majirani. Masimulizi ya utotoni yanayotolewa na mtu mashuhuri huhitaji kupokewa kwa tahadhari, lakini hili linalingana na yale yanayojulikana kuhusu mji huo, na halina sababu ya kutiliwa shaka. Baada ya vita alirudi Uingereza, akasoma shule ya bweni kaskazini mwa Wales, na hapo ndipo kipaji chake cha tenisi kilipoonekana.

Alipohamia London ili kujiendeleza, alikutana na ukuta. Klabu moja mashuhuri ya kaskazini mwa jiji, alikokuwa akifundishwa, haikumpa uanachama, na kila alipouliza kuhusu maombi yake alizungushwa, hadi mwalimu wake alipomweleza waziwazi kwamba asingepokewa kwa kuwa ni Myahudi. Alipokwenda Los Angeles kwa mazoezi, jambo hilo lilijirudia. Hapa inafaa kukumbuka jinsi klabu za tenisi zilivyofanya kazi: hazikuwa mahali pa starehe tu, bali ndizo zilizokuwa na viwanja, makocha, wapinzani wa kufanyia mazoezi na kamati zilizopendekeza majina ya kuingia katika mashindano makubwa. Mchezaji aliyekosa klabu alikosa kila kitu, isipokuwa awe na fedha za baba. Buxton alikuwa nazo, na haki inadai lisemwe, kwa sababu fedha hizo zilimwezesha kununua kwingine kile alichonyimwa, wakati Althea Gibson hakuwa na njia hiyo.

Mtu aliyemjenga Buxton alikuwa kocha wake, Jimmy Jones, mchezaji wa zamani na mhariri wa jarida la tenisi, aliyeamini kwamba mchezo hushindwa au hupatikana kwanza kichwani. Buxton hakuwa na mapigo ya kutisha wala mbio za ajabu. Jones alimfundisha kumchunguza mpinzani, kuandika udhaifu wake, kupanga mpira wa tatu kabla ya kuupiga wa kwanza, na kurudia zoezi moja hadi mwili uufuate mpango bila kubishana. Matunda yalionekana taratibu. Mwaka 1953 alipata medali mbili za dhahabu katika michezo ya Maccabiah, ambayo ni mashindano ya kimataifa ya wanamichezo wa Kiyahudi yanayofanyika Israel, na mwaka 1955 alifika robo fainali ya Wimbledon na kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa dunia.

Njia ya Gibson ilikuwa ndefu na ngumu zaidi. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, South Carolina, kwa wazazi waliolima pamba katika mashamba ya watu wengine, akakulia Harlem, mtaa wa watu Weusi wa New York, ambako alianza kwa mchezo wa vibao uliochezwa barabarani. Chama kikuu cha tenisi cha Marekani kiliwafungia mlango wachezaji Weusi, nao tangu mwaka 1916 walikuwa na chama chao, American Tennis Association, ambamo Gibson alikuwa bingwa wa wanawake miaka kumi mfululizo, kuanzia 1947 hadi 1956. Madaktari wawili Weusi, Hubert Eaton na Robert Walter Johnson, walimpokea majumbani mwao, wakamlipia na kumfunza, na jambo hili linastahili kusisitizwa: kabla ya mlango wowote wa Kizungu kufunguka, jamii yake yenyewe ilikuwa imekwisha kumlea. Mwezi Julai 1950, Alice Marble, bingwa mstaafu wa Kizungu, alichapisha barua kali katika jarida la American Lawn Tennis akiwashutumu wenye mchezo kwa unafiki wao, na mwezi uliofuata Gibson akaruhusiwa kucheza Forest Hills, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, ambako alikaribia kumshinda Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, kabla mvua ya radi haijasimamisha mchezo. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushiriki Wimbledon. Miaka minne iliyofuata ilimchosha, kwa kuwa mashindano yalimruhusu kuingia lakini hayakumpa mapato wala mwenzi wa kudumu, na kufikia 1955 alikuwa akifundisha chuoni Missouri na kufikiria kujiunga na jeshi.

Kilichomrudisha mchezoni kilikuwa siasa za dunia. Mauaji ya kijana Mweusi Emmett Till huko Mississippi mwezi Agosti 1955 yalikuwa yameiaibisha Marekani mbele ya mataifa ya Asia na Afrika, na Wizara ya Mambo ya Nje ikaandaa ziara ya wachezaji wa tenisi katika Burma, India, Pakistan na Ceylon, Gibson akiwamo. Serikali iliyoshindwa kumhakikishia uraia kamili nyumbani ilimtuma nje kuwa ushahidi wa uraia huo. Gibson aliijua hali hiyo, akaitumia nafasi kwa faida yake: alicheza kila wiki, alishinda mara nyingi, na huko India alikutana kwa karibu na Buxton, ambaye naye alikuwa ziarani. Urafiki wao haukuanza uwanjani. Wote walikuwa watu wanaoachwa peke yao baada ya mechi, wakati wengine wakialikana chakula, na upweke huo uliwakutanisha.

Mei 1956, walipofika Paris kwa mashindano ya Ufaransa, kila mmoja alikuwa hana mshirika wa wawili wawili, na Jones akapendekeza wacheze pamoja. Jinsi jozi zinavyoundwa hueleza mengi kuhusu jamii. Katika mchezo wa mmoja mmoja ratiba humlazimisha mtu kukabiliana na yeyote aliyepangiwa, akimpenda asimpende. Katika mchezo wa wawili wawili mtu huchagua, na ubaguzi ambao kanuni haziruhusu tena kuandikwa hupata pa kujificha katika hiari hiyo. Gibson alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba ni miongoni mwa wachezaji bora duniani, lakini hakuna aliyekwenda kumwomba. Kwa hiyo Buxton alipokubali, hakuwa akitoa msaada, wala Gibson hakuwa akiupokea. Walikuwa wawili waliobaki.

Ustadi wao ulikamilishana kwa namna ambayo hata waliowapuuza walipaswa kuitambua. Gibson alikuwa mrefu, karibu mita 1.80, mwenye pigo la kuanzisha mpira lililoogopwa kuliko yote na mikono iliyofika mbali karibu na wavu. Buxton aliutuliza mchezo kutoka nyuma, akaupeleka mpira pale ambapo wapinzani wangelazimika kuuinua, na Gibson akaumaliza. Katika nusu fainali ya mmoja mmoja walikutana wenyewe kwa wenyewe na Gibson akashinda, kisha akamshinda Angela Mortimer katika fainali kwa 6–0, 12–10, akawa mtu Mweusi wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kutwaa mojawapo ya mataji makubwa manne, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Kwa pamoja waliwashinda Wamarekani Darlene Hard na Dorothy Knode kwa 6–8, 8–6, 6–1. Matokeo haya yana maelezo ndani yake: seti ya kwanza ilipotea kwa tofauti ndogo, ya pili ikapatikana kwa tofauti hiyohiyo, na ya tatu ikawa ya upande mmoja, jambo linalotokea pale jozi inapomaliza kujifunza mpinzani katikati ya mechi. Huo ulikuwa mtindo wa Jones, na aliyeuleta uwanjani ni Buxton.

Wiki chache baadaye, Wimbledon, Buxton alifika fainali ya mmoja mmoja, akiwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kufika hapo tangu 1939, akashindwa na Shirley Fry kwa 6–3, 6–1. Fainali ya wawili wawili ilimalizika vingine: yeye na Gibson waliwashinda Waaustralia Fay Muller na Daphne Seeney kwa 6–1, 8–6. Uingereza ilikuwa imesubiri kwa miaka kumi na saba mwanamke wa nyumbani wa kufika fainali ya mmoja mmoja, na alipopatikana, akiwa bingwa wa wawili wawili aliyeshikana mkono na Mmarekani Mweusi, magazeti yalimpa nafasi finyu kuliko ambayo nchi yenye njaa ya ushindi ingetarajiwa kumpa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Majira hayohayo ya joto Buxton alipata maradhi ya kifundo cha mkono wa kulia, ambayo huvimbisha ala za kano na kufanya kila pigo kuwa maumivu, na mwaka 1957, akiwa na miaka 22, aliacha mashindano. Gibson aliendelea bila yeye. Mwaka 1957 na tena 1958 alishinda Wimbledon na Marekani, na mezani pa mataji ya wawili wawili aliongeza la Australia akiwa na Fry, na la Wimbledon mara mbili, kwanza na Hard, kisha na Mbrazili Maria Bueno. Kwa jumla alipata mataji makubwa kumi na moja: matano ya mmoja mmoja, matano ya wawili wawili, na moja la mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke. Hesabu hiyo yenyewe yatosha kuonesha kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa ya ushirikiano, na kwamba wale waliokuja kusimama upande wake baada ya 1956 walipita njia iliyokwisha kufunguliwa na Buxton.

Julai 1957, Gibson alipopokea kombe la Wimbledon kutoka kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Zanzibar ilikuwa katika mwezi wa uchaguzi wake wa kwanza, uchaguzi ambao wanawake hawakupiga kura. Wangepata haki hiyo kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Januari 1961. Mambo haya mawili hayakusababishana, lakini kuyasoma pamoja kunasaidia kuona dola moja kwa pande zake mbili: Malkia yuleyule aliyempa mkono binti wa wakulima wa pamba alikuwa mkuu wa dola iliyolinda visiwa hivi na klabu zake zilizotengana. Afrika Mashariki haikuchelewa kutoa mabingwa wa kike pale nafasi ilipopatikana. Katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, Mtanzania Theresa Dismas alipata medali ya fedha kwa kurusha mkuki, na Unguja yenyewe ilikuja kuwa na timu ya wanawake ya mpira wa miguu, Women Fighters, iliyojulikana nje ya visiwa kupitia filamu ya mwaka 2007 iitwayo Zanzibar Soccer Queens, ambamo wachezaji wanaeleza kwa ufasaha mkubwa jinsi walivyojadiliana na familia, majirani na dini zao ili wapate kucheza. Nafasi ndiyo iliyokuwa haba. Vipaji havikuwa haba.

Kilichobaki ni suala la malipo, na hapa simulizi inaingia uchungu. Kabla ya mwaka 1968 mashindano makubwa yote yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa, maana yake wachezaji wasiolipwa, na bingwa wa Wimbledon aliondoka na kombe, heshima na vocha ndogo. Utaratibu huo ulisifiwa kuwa ni usafi wa michezo, ilhali kwa hakika uliwafaa waliokuwa na mali na kuwaangamiza wasiokuwa nayo. Buxton aliolewa, akalea watoto watatu, akaandika vitabu vya mafunzo na kuendesha kituo chake cha tenisi London. Gibson, aliyestaafu mwaka 1958 akiwa bora duniani, alirekodi nyimbo, akaigiza katika filamu, akazunguka na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters akicheza tenisi ya maonesho, na mwaka 1964 akaingia gofu ya kulipwa, ambako viwanja vingine vilimkatalia hata chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomlipa stahiki yake.

Mwaka 1995 Gibson, mgonjwa na asiye na kitu nyumbani kwake New Jersey, alimpigia simu Buxton kumwambia kwamba hawezi tena kulipa kodi ya nyumba wala dawa, na kwamba anafikiria kujiua. Buxton alituma fedha zake mwenyewe, kisha akahakikisha barua inachapishwa katika jarida la Tennis Week ili ulimwengu wa tenisi ujue, na michango ikaanza kumiminika kutoka nchi nyingi, taarifa nyingi zikitaja jumla iliyokaribia dola milioni moja. Gibson aliishi hadi tarehe 28 Septemba 2003. Waandishi hupenda kukieleza kitendo hiki kuwa cha huruma, na neno hilo ni dogo mno, maana humfanya mmoja kuwa mtoaji na mwingine kuwa mpokeaji tu, wakati ulikuwa mwendelezo wa mkataba uleule wa mwaka 1956: mpira umepita katikati, na mwenzi aliyeweza kuufikia ameupiga.

Mwaka 2019, sanamu ya Gibson ilipozinduliwa kwenye viwanja vya mashindano ya Marekani mjini New York, Buxton alihudhuria akiwa na miaka 85. Klabu ya All England, inayomiliki Wimbledon, huwapa uanachama wa heshima mabingwa wa mmoja mmoja, na Gibson kwa hiyo aliupata. Bingwa wa wawili wawili hana haki hiyo, hulazimika kuomba na kusubiri zamu. Buxton alieleza hadharani mara nyingi kwamba aliomba katika miaka ya 1950 na kwamba jina lake halikuwahi kutoka kwenye orodha ya wanaosubiri, naye aliamini sababu ilikuwa ileile aliyoambiwa na mwalimu wake alipokuwa msichana. Alifariki Florida tarehe 14 Agosti 2020, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 86, akiwa bingwa wa Wimbledon asiye mwanachama wake.